Mafua ya nguruwe Magharibi mwa Kenya: mwongozo kamili kuanzia joto la kwanza hadi bandani

Mgonjwa wa kwanza wa mafua ya nguruwe kuthibitishwa nchini Kenya hakuwa mfugaji wala mchinjaji. Alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza, aliyekuja na kundi la wenzake mwezi Juni 2009 wakaelekea Kisumu. Majibu ya maabara yalitoka tarehe 29 mwezi huo, na wenzake wakawekwa karantini mjini humo. Ugonjwa ulifika kwa ndege, ndani ya kifua cha mtu.

Ninaanza na habari hiyo kwa sababu hadi leo mtu akisikia jina la ugonjwa huu hukimbilia kumshuku nguruwe wa jirani, huku yule anayemkoholea ndani ya matatu madirisha yakiwa yamefungwa akiachwa aendelee. Lakini kosa linaloua zaidi huku kwetu ni lingine: joto likipanda, tunasema malaria, tunameza dawa, tunangoja. Siku mbili tatu zinapita, na siku hizo ndizo dawa ya virusi vya mafua ingefanya kazi vizuri zaidi.

Ni ugonjwa gani hasa

Ni mafua makali, yaani influenza, yanayosababishwa na kirusi cha aina ya A kiitwacho H1N1. Kirusi hiki kilizaliwa nguruwe walipoambukizwa mafua ya aina mbalimbali na chembe za urithi zikachanganyika: za nguruwe, za ndege na za binadamu. Kiligunduliwa Aprili 2009 Mexico na Marekani. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga la dunia nzima, na tarehe 10 Agosti 2010 likatangaza kuwa janga limekwisha. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilizidi 18,000, ila makadirio ya baadaye yaliweka vifo vya mwaka wa kwanza kati ya 151,700 na 575,400. Wengi wa waliokufa hawakuwa wazee. Walikuwa chini ya miaka 65.

Janga lilikwisha, kirusi hakikuondoka. Kimekuwa mojawapo ya mafua ya kawaida yanayozunguka kila mwaka, na hapa Kenya mafua huzunguka miezi yote. Huenda umeshawahi kuyaugua bila kujua jina lake.

Nyama haiambukizi. Ipike hadi rangi ya waridi iishe ndani, nyuzijoto 71 hivi, na kirusi kimekufa; tegu naye amekufa, na huku kwetu tegu ndiye sababu kubwa zaidi ya kutokula nyama ya nguruwe mbichimbichi. Mwaka 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, kiasi cha 300,000, na mafua yakaingia nchini vilevile. Wafugaji walifilisika bure.

Hatua ya kwanza: tambua mafua, na usiyaite malaria kabla ya kupima

Mafua haya hayapigi hodi. Asubuhi uko Kibuye unapanga mitumba, jioni huwezi kusimama. Joto kali, baridi inayotetemesha, kichwa, maumivu ya misuli na viungo, kikohozi kikavu, koo linalowasha, uchovu wa kukulaza kitandani. Wengine hutapika au kuharisha, hasa watoto. Kamasi za kawaida huja polepole na hukuacha uende kazini ukilalamika. Mafua haya hukulaza. Kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku 1 hadi 4, mara nyingi 2.

Sasa, soma tena orodha hiyo. Joto, baridi, kichwa, viungo, kutapika: ni malaria mtupu. Ndiyo maana mama wa Nyalenda au wa Butere akiamka na mtoto anayewaka, hatua ya kwanza ni kemisti: "Nipe dawa ya malaria ya mtoto wa miaka mitatu." Hakuna aliyepima. Nami simlaumu sana, maana kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za nchi na hofu yake ina msingi. Kosa ni kuacha kupima.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ileile ya joto, pima malaria. Dispensari wana kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kabla hujamaliza kusimuliana na jirani kwenye benchi. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako huenda naye anacho. Mpigie simu kabla ya kupanda bodaboda.

Kikisema hakuna malaria, usimeze dawa ya malaria "kwa usalama". Kama kuna kikohozi na mwili mzima unauma, yachukulie kuwa mafua na uendelee na mwongozo huu.

Kikisema malaria ipo, maliza dawa zote za siku tatu, lakini usifunge faili hapo. Maeneo kama Siaya, Busia na Homa Bay, watoto wengi hutembea na vimelea vya malaria kwenye damu bila kuugua. Mtoto anaweza kuwa na vimelea hivyo na papo hapo mafua ndiyo yanayomchoma. Akianza dawa ya malaria na bado anakohoa na kupumua kwa shida, rudi naye kesho yake. Usingoje dozi iishe.

Wa Nakuru wana hesabu nyingine. Huko juu malaria ni chache, kwa hiyo joto la ghafla lenye kikohozi lina uwezekano mkubwa wa kuwa mafua au nimonia. Ila kama wiki chache zilizopita ulikwenda matanga Ugunja au Mumias, mwambie daktari bila kuulizwa, upimwe malaria pia.

Na kikohozi kilichovuka wiki mbili si habari ya mafua tena. Omba kupimwa kifua kikuu.

Hatua ya pili: jua nani hapaswi kungoja

Mtu mzima mwenye afya njema huugua wiki moja akapona nyumbani. Wafuatao waende hospitali siku ileile joto linapopanda, hata kama wanaonekana wanajimudu: mjamzito, na mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili, mtoto chini ya miaka mitano, hasa chini ya miwili, mtu wa miaka 65 kwenda juu, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, mwenye virusi vya Ukimwi, hasa kama hatumii dawa au ameanza karibuni, na mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu.

Selimundu naitaja peke yake kwa sababu huku Magharibi na Nyanza ziko familia nyingi zenye mtoto wa namna hiyo, na homa yoyote kwake ni dharura. Usimpe parasetamoli ukangoja asubuhi. Kama ni usiku, nenda usiku.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi asiziache eti tumbo limejaa dawa za mafua. Mwenye pumu awe na pampu yake karibu.

Hatua ya tatu: uguza nyumbani ipasavyo

Kwa joto na maumivu, parasetamoli inatosha. Mtu mzima humeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Mtoto hupimiwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyo nyingi madukani huwa na miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hupata hizo mililita 5. Soma chupa kwanza, kwa kuwa zipo zenye nguvu zaidi, na tumia kipimo kilichokuja nayo. Kijiko cha sukari huongopa.

Chunga sana zile dawa za mafua za mchanganyiko. Nyingi tayari zina parasetamoli ndani. Mtu anameza hizo mbili, kisha parasetamoli mbili "za kichwa", na ini linabeba mzigo wa dozi mbili bila yeye kujua. Chagua moja.

Aspirini usimpe mtoto wala kijana chini ya miaka 18 mwenye mafua. Inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Antibiotiki nazo haziui virusi. Vile vidonge viwili vya rangi mbili vinavyouzwa kwa rejareja kaunta havitakusaidia, na vitafanya bakteria waizoee dawa. Antibiotiki zina mahali pake nimonia ya bakteria inapodandia juu ya mafua, na atakayeamua hilo ni aliyekusikiliza kifua.

Maji ndiyo kazi kubwa ya muuguzaji. Uji mwepesi, supu ya samaki, maji ya madafu ukiyapata, chai isiyo kali. Kama anatapika au kuharisha, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogokidogo, kijiko baada ya kijiko. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mtoto asipokojoa kwa saa 6 hadi 8, hajanywa vya kutosha. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida, mara nyingi zaidi. Mama akiwa ndiye mgonjwa, avae barakoa, anawe mikono, aendelee kunyonyesha.

Tangawizi, ndimu na asali hutuliza koo, na sina ugomvi nazo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza majani ya mkaratusi hufungua pua kwa muda, hakuui kirusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi. Mtu mzima akitaka, na afanye. Mtoto mwondoe hapo. Na kama jiko la kuni liko chumba anacholala mgonjwa, hamisha moto au mhamishe mgonjwa. Kifua kinachopambana na mafua hakihitaji moshi juu yake.

Hatua ya nne: hesabu pumzi

Hili ni jambo moja ambalo kila nyumba inaweza kulifanya bila mashine, na wachache hulifanya. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake, tazama tumbo na kifua, na hesabu anavyopumua kwa dakika moja kamili ya saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Watoto hupumua kwa mapigo yasiyolingana.

Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Hata kabla ya kuhesabu, ukiona nyama ya chini ya mbavu inavutwa ndani kila anapovuta pumzi, huo ni usafiri wa hospitali sasa hivi.

Mengine yanayotaka hospitali bila mjadala kwa mtoto: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kuwa vigumu kumwamsha, midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu. Kwa mtu mzima: kukosa pumzi akiwa amekaa tu, kifua kuuma, kukohoa damu, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kisichoisha. Mjamzito aongeze kutomsikia mtoto akicheza tumboni.

Ipo dalili moja inayodanganya watu. Mgonjwa anapata nafuu siku ya nne au ya tano, watu wanashukuru Mungu, kisha joto linarudi na kikohozi kinakuwa kizito chenye makohozi. Hayo mara nyingi ni nimonia ya bakteria imeingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuumizwa. Arudi hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: ukifika hospitali

Anza kilicho karibu, dispensari au kituo cha afya, isipokuwa dalili za hatari zimeshaonekana. Hapo nenda moja kwa moja palipo na oksijeni, yaani hospitali ya rufaa ya kaunti ya Kakamega, Busia au Nakuru, au kule Kisumu Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia.

Mweleze anayekuhudumia mambo manne: joto lilianza siku gani na saa ngapi, kipimo cha malaria kilisemaje, umemeza nini, na kama umekuwa karibu na mtu mwenye mafua au nguruwe wanaokohoa. Siku ya kuanza ni muhimu kwa sababu ya dawa iitwayo oseltamivir, maarufu kama Tamiflu. Mtu mzima humeza miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5. Watoto hupimiwa kwa uzito. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo, lakini aliyezidiwa hadi kulazwa hupewa hata kama saa hizo zimepita. Mjamzito anaweza kuitumia. Si dawa ya kununua na kuweka kabatini, na si kila kijana mwenye mafua anaihitaji. Ni ya waliotajwa katika hatua ya pili na waliozidiwa.

Kuna kipimo cha kuthibitisha, kijiti cha pamba puani au kooni kinachopelekwa maabara. Mara nyingi hakifanywi kwa mgonjwa wa kurudi nyumbani, wala usikililie. Kama uko katika kundi la hatari, uliza tu kama matibabu yaanze kabla ya majibu, kwani majibu yakichelewa saa 48 zinakwisha.

Hatua ya sita: usiwagawie wengine

Mgonjwa huambukiza tangu siku moja kabla ya kuugua hadi siku 5 au 7 baadaye, watoto zaidi ya hapo. Vitabu vinasema atengwe chumba chake. Nyumba ya chumba kimoja Obunga haina chumba chake. Basi fanya linalowezekana: alale karibu na dirisha, dirisha likae wazi mchana, wengine walale miguu yao ielekee kichwa chake. Awe na kikombe na taulo vyake. Amhudumie mtu mmoja tu, asiwe mjamzito wala nyanya mwenye kisukari, na wote wawili wavae barakoa wakiwa karibu. Akohoe kwenye kiwiko, si kiganjani. Kibuyu chirizi na kipande cha sabuni mlangoni hufanya kazi sawa na sinki la kigae, mradi watu wanasugua sekunde 20.

Asiende kazini, shuleni wala ibadani hadi saa 24 zipite bila joto na bila dawa ya kushusha joto. Matanga ndiyo mtihani. Usiku mzima chini ya turubai, watu wametoka Nairobi, Mombasa na Kampala, mikono mia inasalimiwa: kirusi hakiwezi kuomba mahali pazuri zaidi. Kama unaumwa, tuma mchango na ujumbe kwa familia. Wazee wataelewa, na wasipoelewa mwaka huu wataelewa mwakani.

Chanjo ya mafua ipo, na ile ya kila mwaka hujumuisha kinga ya H1N1. Hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayeipata mara ya kwanza huchomwa mara mbili, wiki nne kati yake. Kinga hujengeka baada ya wiki mbili hivi, na hurudiwa kila mwaka. Kwa kawaida utaipata hospitali za binafsi kwa kulipa. Piga simu kwanza uulize kama ipo. Mfuko ukiruhusu mmoja tu nyumbani, achomwe mjamzito au mwenye maradhi ya kudumu. Ya bure msiikose: chanjo ya pneumokoka, bakteria wanaoleta nimonia, ambayo Kenya iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2011, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii mafua, inazuia nyingi ya zile nimonia zinazokuja nyuma yake.

Hatua ya saba: bandani

Sisi ndio tunaowaambukiza nguruwe kirusi hiki mara nyingi kuliko wao wanavyotuambukiza. Ukiwa na mafua, mtu mwingine awalishe kwa wiki moja. Wao wakianza kukohoa, kupiga chafya na kukataa chakula, ahudumu mtu mzima mwenye afya, mwenye barakoa na gambuti, anawe akitoka. Watoto wasiingie. Nguruwe mgeni mtenge wiki mbili hadi nne kabla ya kumchanganya, na dume la kuazimana kijiji kizima ni njia ya haraka ya kuazimana magonjwa.

Mafua ya nguruwe yenyewe ni mepesi kwa mnyama: zizi zima linaweza kuugua pamoja, wachache sana wanakufa, na baada ya wiki moja wanakula. Ukiona vinginevyo, yaani masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au zambarau, damu inatoka, na wanakufa mmoja baada ya mwingine, hayo si mafua. Hiyo ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa tofauti kabisa ulioelezwa kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1921, na mpaka wa Busia unaufahamu vizuri. Haumwambukizi binadamu hata kidogo, lakini huweza kumaliza zizi lote, na hauna dawa. Anayekuuzia sindano ya kuutibu anakuibia.

Mpigie daktari wa mifugo wa wadi siku hiyohiyo. Usichinje, usimuuzie dalali anayekuja na pikipiki usiku kwa bei ya kutupa, usitupe mzoga mtoni Nzoia. Zika kirefu, mahali mbwa hawatafukua. Makombo ya hoteli yachemshwe dakika 30 kabla ya kulishwa, na nguruwe wanaozurura wafungiwe. Banda lililopigwa lisafishwe kwa sabuni na dawa ya kuua viini, likae tupu angalau siku 40, kisha ingiza wawili tu uwatazame kabla ya kununua wengine.